Tuwafundishe watoto wetu kusema mbele za watu, tusiwacheke

   

Ndugu Waislamu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kuliangalia: namna ya kumfundisha mtoto asiyeimudu vyema lugha asimame mbele za watu na kueleza kile anachokijua. Tutaanza na tukio lililotufika hapa mjini Babati. Hatulielezi kwa kujisifu, maana katika tukio hilo sisi wenyewe hatukufanya vyema.

Katika madrasa moja ya hapa mjini yaliandaliwa Maulidi, na wanafunzi kadhaa wakapangiwa kila mmoja aeleze suala moja la dini yake mbele ya wazazi. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka kama kumi na miwili, aliyetoka upande wa Dareda akaja mjini kukaa kwa mama yake mdogo ili asome. Lugha ya kwao ni Kiiraqw, na Kiswahili alikuwa amekipatia shuleni. Alipewa zaka ya mifugo, nasi tuliona amepangiwa jambo linalomfaa, kwa kuwa amekulia nyuma ya ng'ombe.

Alishika kipaza sauti, akatoa salamu vizuri, kisha akatamka sentensi yake ya kwanza. Lakini ulimi wake ulikuwa haujaizoea herufi z, na badala ya kusema "zaka ya ng'ombe" alisema "saka ya ng'ombe". Mtu mmoja nyuma akadakia, "Basi twende tukawasake!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kijana alisimama kidogo, akaangalia chini, akakiweka kipaza sauti juu ya meza na kurudi kukaa. Mwenzake akaitwa, na shughuli ikaendelea.

Sisi tulikuwa tumeketi mstari wa mbele. Hatukucheka kwa sauti, lakini tulitabasamu, na kijana yule alituona.

Juma lililofuata hakuja madrasa, wala la pili yake. Tulipokwenda nyumbani kwao, mama yake mdogo alitupokea kwa heshima, akatueleza jambo ambalo hatukulitarajia. Kwa muda wa siku nyingi kabla ya Maulidi, kijana huyo alikuwa akikaa jioni na wadogo zake juu ya mkeka, akapanga punje za maharage kama kundi la ng'ombe, akawafundisha kwa Kiiraqw. Punje thelathini, hutolewa ndama mmoja aliyetimiza mwaka mmoja. Punje arobaini, hutolewa mtamba mmoja aliyetimiza miaka miwili. Mbuzi arobaini, hutolewa mmoja. Aliwaeleza pia kwamba hesabu hiyo ni ya mifugo inayojilisha malishoni, na kwamba ni lazima mwaka mzima upite. Hata mtoto mdogo wa nyumba ile alikwisha kujua kwamba ng'ombe ishirini na tisa hawana zaka.

Tulitoka pale tumeinamisha vichwa. Mtoto yule alikuwa anaijua mas'ala yake kuliko wengi waliomcheka, na yumkini miongoni mwa waliomcheka walikuwamo wenye mifugo ambao hawajapata kuitolea zaka. Elimu ilikuwapo mbele yao, wakaizima kwa kicheko kwa sababu ya herufi moja.

MJI WA NDIMI NYINGI

Anayeijua Babati hatashangaa kwamba mambo haya hutokea. Mji wetu, uliofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara baada ya mkoa huo kumegwa kutoka Arusha mwaka 2002, upo chini ya Mlima Kwaraa na kando ya Ziwa Babati, katika njia ya kutoka Arusha kwenda Dodoma kupitia Kondoa, na njia nyingine ikielekea Singida. Kwa hiyo katika safu moja ya msikiti utamkuta Mrangi, Mgorowa, Mwiraqw, Mmbugwe, Mbarbaig, Mnyaturu na Msomali, wote wakiwa bega kwa bega. Wataalamu wa lugha wanaihesabu sehemu hii ya Bonde la Ufa kuwa miongoni mwa zenye ndimi za asili mbalimbali mno katika Afrika. Kirangi na Kimbugwe ni lugha za Kibantu, jamaa za Kiswahili. Kiiraqw na Kigorowa ni za Kikushi. Kibarbaig ni cha asili ya Kiniloti.

Tofauti hii ni neema, maana Qur'ani Tukufu katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, imezitaja tofauti za lugha na za rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu kwa wenye kujua. Lakini kwa mtoto ni mzigo vilevile. Nyumbani anasema lugha ya mama yake. Shule ya msingi ya serikali inamfundisha kwa Kiswahili, kama ilivyo nchini tangu mwaka 1967. Akifika sekondari anakikuta Kiingereza. Madrasani anasoma Kiarabu. Hizo ni lugha nne kwa kifua kimoja kidogo, nasi tunamtaka asimame katika kila moja aseme kwa ufasaha kama aliyezaliwa nayo!

Yafaa tujue kosa la mtoto linatoka wapi kabla ya kulihukumu. Kiiraqw hakina z wala v miongoni mwa sauti zake za asili, basi ulimi wa mtoto huitafuta sauti iliyo jirani, nayo ni s au f. Wala nomino zake hazina ngeli kama zetu za ki na vi, m na wa, bali zina jinsia. Ndiyo maana mtoto huyo atasema "kitabu yangu" naye hana upungufu wowote wa akili. Anaijenga nyumba mpya kwa zana alizozikuta kwao.

Sasa tutazame upande wa pili, ambao wengi hawaujui. Kiiraqw na Kigorowa zina ile ha ya kooni na ile ain ambazo watoto wetu wenye lugha za Kibantu huhangaika nazo miaka. Neno la Kiiraqw la mwanamume, hhawata, linaanza na ha ileile ya al-hamdu. Neno lao la mwanamke linaanza na ain ileile ya al-alamina. Na jina lenyewe la Iraqw huandikwa kwa q kwa kuwa sauti yake hutoka chini kooni kuliko k, karibu na pale inapotoka qaf. Mtoto wa mjini anaposoma Al-Fatiha kwa ha nyepesi, na ain akaifanya a tupu, hakuna anayemcheka, kwa sababu wengi wetu tunakosea kama yeye. Kumbe mtoto tuliyemcheka kwa zaka angeweza kutufundisha matamshi ya al-hamdu.

MUSA, HARUN NA FIRAUNI

Ndugu zangu katika imani, katika Qur'ani mna kisa cha Mtume mtukufu aliyeuona uzito wa ulimi wake, naye ni Nabii Musa (A.S.). Alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, hakuomba kwanza jeshi wala mali. Katika Sura Twaha, aya ya 25 hadi ya 28, alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amfanyie nyepesi kazi yake, na alifungue fundo la ulimi wake ili watu wayafahamu maneno yake. Tuangalie vyema lengo la dua hiyo: aliomba afahamike. Hakuomba awashinde watu kwa madoido ya maneno. Na katika Sura Ash-Shu'ara, aya ya 13, anaeleza kwamba kifua chake hubana na ulimi wake haukunjuki. Kila mtoto aliyepata kusimama mbele ya watu huku moyo ukimdunda anaijua hali hiyo.

Kisha Musa akaomba nduguye Harun awe pamoja naye, akaeleza katika Sura Al-Qasas, aya ya 34, kwamba Harun ana ulimi fasaha zaidi. Mwenyezi Mungu akamkubalia. Lakini Harun alipewa awe msaidizi, hakupewa achukue nafasi ya Musa. Firauni alipouliza Mola wao ni nani, aliyejibu katika Sura Twaha ni Musa mwenyewe, kwa maneno machache yaliyokamilika. Hapa pana funzo kubwa kwa walimu na wazazi. Mtoto mzito wa lugha anahitaji mtu wa kusimama ubavuni mwake. Anayemnyang'anya maneno na kumsemea kila mara hamsaidii, bali anamzoesha kunyamaza.

Na ni nani basi katika kisa hicho aliyeufanyia dhihaka ulimi wa Musa? Ni Firauni. Sura Az-Zukhruf, aya ya 52, inatueleza kwamba alijitukuza mbele ya watu wake, akamwita Musa mtu dhalili asiyeweza hata kujieleza vizuri. Basi atakayemcheka mwenzake kwa ulimi wake na ajiulize amesimama upande wa nani. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza waziwazi watu wasiwadharau wenzao, huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau.

Hapa twapenda kusahihisha jambo moja ambalo sisi wenyewe tuliwahi kulisimulia katika ujana wetu. Husemwa mara nyingi kwamba Bilal (R.A.) hakuweza kuitamka shin, na kwamba katika adhana akitamka sin mahali pake. Nia ya wasimulizi ni njema, lakini wanazuoni wa Hadithi, akiwamo Ibn Kathir, wamebainisha kuwa kisa hicho hakina asili. Lililothibiti katika Hadithi zilizopokelewa na Abu Dawud na Tirmidhi ni kwamba Abdullah bin Zayd (R.A.), aliyeoteshwa maneno ya adhana, aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) amfundishe Bilal, kwa kuwa Bilal alikuwa na sauti bora zaidi. Mtume (S.A.W.) alikiangalia kipawa alichonacho mtu, akampa kazi inayokistahiki.

MALEZI YA MTUME NA MASAHABA

Imamu Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba ni mti gani unaofanana na Muumini. Watu wakafikiria miti ya jangwani. Abdullah bin Umar (R.A.) alijua moyoni mwake kwamba ni mtende, lakini alikuwa mdogo kuliko wote, akaona haya, akanyamaza. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar (R.A.) alisema angalitamka lingekuwa jambo la kupendeza kwake kuliko mali nyingi. Tazama: mtoto alijua, wakubwa hawakujua, na barza ikaondoka bila kulisikia jibu lake. Kunyamaza kwa mtoto si dalili ya kutojua.

Yaonekana Umar hakulisahau hilo. Katika Bukhari vilevile imepokelewa kwamba katika siku zake aliwauliza masahaba juu ya aya ya 266 ya Sura Al-Baqara. Ibn Abbas (R.A.), aliyekuwa kijana kati ya wazee, akasema kwa unyonge kwamba ana jambo moyoni kuhusu aya hiyo. Umar akamwita mwana wa ndugu yake, akamtaka aseme wala asijidharau. Kauli hiyo moja ya mkubwa mwenye heshima ilimfungulia kijana mlango, na Ibn Abbas akaja kuwa bahari ya tafsiri katika umma huu.

Tuangalie pia alivyosahihisha Mtume (S.A.W.). Muawiya bin al-Hakam (R.A.) alizungumza ndani ya Swala kwa kutojua, watu wakamkodolea macho na kujipiga mapajani ili kumnyamazisha. Baada ya Swala Mtume (S.A.W.) akamfundisha kwa upole. Muawiya mwenyewe akasimulia, kama alivyopokea Muslim, kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko yeye, kwani hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Tunatambua kwamba kosa lilisahihishwa, halikuachwa. Lakini lilisahihishwa baada ya Swala kwisha, na heshima ya mtu ikabaki salama.

Na amepokea Tirmidhi kutoka kwa Ubayy bin Ka'b (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimweleza Jibril (A.S.) kuwa ametumwa kwa umma usiojua kusoma, wakiwamo vikongwe, wazee, wavulana, wasichana na watu ambao hawajapata kusoma kitabu. Jawabu likawa kwamba Qur'ani imeteremshwa kwa herufi saba. Ikiwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimewafanyia watu wepesi katika ndimi zao, sisi ni nani hata tuwafanyie watoto wetu uzito?

HATUA ZA KUMFUNDISHA

Pengine msomaji atauliza, basi tufanye nini? Baada ya kumwomba radhi kijana yule, tulikaa na waalimu wake tukapanga njia ya kumrudisha. Haya tunayoyataja hayahitaji fedha, na yanafaa kwa madrasa, kwa shule na kwa nyumba.

Kwanza, mtoto aieleze mas'ala kwa lugha ya mama yake. Asiyelielewa jambo kwa lugha ya nyumbani hataweza kulieleza kwa lugha ya kujifunza. Kijana wetu alikuwa amekwisha kuivuka hatua hii peke yake, juu ya mkeka wa mama yake mdogo. Sisi ndio tulioiruka.

Pili, asikaririshwe hotuba nzima. Mtoto aliyekariri kurasa mbili neno kwa neno, neno moja likimpotea yote yamempotea. Ashike mambo matatu tu: nini, kiasi gani, kwa nani. Katika Sahihi ya Muslim imepokelewa kutoka kwa Ammar bin Yasir (R.A.) kwamba kufupisha hotuba ni alama ya ufahamu wa mtu. Dakika tatu zilizoeleweka ni bora kuliko nusu saa ya kubabaika.

Tatu, atumie mwanzo ambao dini imempa. Bismillahi, hamdu, kumswalia Mtume, salamu, kisha ama baada ya hayo: maneno haya mtoto anayajua kwa moyo tangu utotoni. Yanampa nafasi ya kupumua, kuizoea sauti yake na kuziona nyuso za watu kabla hajaingia katika maneno magumu. Ni ngazi nzuri kwa mwenye lugha nzito, tena ina thawabu.

Nne, hadhira ikue kidogo kidogo. Aanze mbele ya mtu mmoja anayemwamini, kisha watatu, kisha darasa lake, ndipo aje mbele ya wazazi. Kosa letu kubwa lilikuwa kumtoa mtoto katika mkeka wa nyumbani na kumweka moja kwa moja mbele ya kipaza sauti na uwanja uliojaa watu.

Tano, apewe kitu cha kushika na kuonyesha. Mtume (S.A.W.) alichora mistari ardhini alipoeleza tamaa na ajali ya mwanadamu, na aliashiria kwa vidole vyake viwili alipoeleza daraja ya mlezi wa yatima. Kijana wetu tulimwambia aje na maharage yake. Alipozimimina punje mezani na kuanza kuhesabu, macho yote yaliondoka usoni kwake yakaenda kwenye punje, na ulimi wake ukawa mwepesi.

Sita, afundishwe kwenda taratibu. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alizungumza kwa namna ambayo mwenye kutaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Naye Anas (R.A.) ameeleza kwamba alikuwa akilirudia neno mara tatu hadi lieleweke. Hizi zote mbili ni pokezi za Bukhari. Watoto wengi wenye shida ya lugha hukimbiza maneno ili wamalize haraka waondoke, na mbio hizo ndizo zinazowakwaza.

Saba, masahihisho yaje baadaye, faraghani, nayo yasizidi mawili kwa siku. Mwalimu atenganishe kosa linalogeuza maana na lafudhi ya nyumbani tu. "Saka" inapochukua mahali pa "zaka", maana imegeuka, basi tumfanyishe mazoezi: azibe masikio kwa viganja, atoe s ndefu, kisha z ndefu, atausikia mtetemo wa z kichwani mwake. Ama lafudhi ya Dareda, ya Kondoa au ya pwani, hiyo ni kama rangi ya ngozi, haina cha kusahihishwa.

Nane, afundishwe kupokea maswali, na kusema "sijui, nitamuuliza mwalimu wangu" pasi na kuona aibu. Imamu Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, alijulikana kwa kujibu maswali mengi kwa kusema hajui.

Tuongeze neno kuhusu watoto wenye kigugumizi, kwani hao shida yao si ya lugha ngeni. Hawaponi kwa kupigwa, kwa kuharakishwa, wala kwa kumaliziwa maneno yao. Wanahitaji kusubiriwa na kutazamwa usoni kwa utulivu, na inapowezekana wapelekwe hospitali kwa wataalamu. Mtoto anayechelewa kusema au asiyetamka sawasawa apimwe pia masikio, huenda hasikii vyema. Nao wasikate tamaa, kwani imepokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba anayeisoma Qur'ani kwa taabu, akiwa anakwama nayo ikimwia ngumu, ana ujira mara mbili.

NAFASI YA WAZAZI

Wazazi wengi hudhani kwamba dawa ya haya yote ni kumtafutia mtoto shule ya Kiingereza. Hatuikatazi shule hiyo mwenye uwezo nayo. Lakini kijana asiyepata kujifunza kusimama na kuyapanga maneno yake katika lugha anayoielewa, Kiingereza kitamwongezea woga juu ya woga. Aliyezoea kujieleza kwa lugha ya mama yake na kwa Kiswahili, akikutana na lugha ya tatu atakuwa anatafuta maneno tu, kwa sababu ujasiri na mpangilio anao tayari.

Baba na mama watenge muda mfupi baada ya chakula cha usiku, kila mtoto aeleze jambo moja alilojifunza siku ile, na wengine wasikilize hadi mwisho. Anayedakia na anayecheka aonywe palepale. Nyumba ambayo mtoto akisema kaka zake humwigiza sauti, hapo ndipo ulimi hufungwa, na mwalimu hukabidhiwa fundo alilofungiwa mtoto nyumbani kwao.

Mabinti nao wasisahauliwe. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuifahamu dini yao, kama ilivyopokelewa na Muslim. Binti huyu kesho atasimama mbele ya daktari kueleza ugonjwa wa mwanawe, au mbele ya kadhi kueleza haki yake. Tukimlea kunyamaza kila mahali, na siku ya haki yake atanyamaza.

Maimamu na kamati za misikiti nao wana wajibu. Wawape vijana nafasi ndogo ndogo baada ya Swala, dakika tatu tatu, na imamu mwenyewe awe wa kwanza kusikiliza kwa makini. Hadhira humwangalia aliyeketi mbele. Angekuwapo usiku ule mkubwa mmoja wa kuinua mkono na kusema, "Endelea, mwanangu, tunakusikiliza," kicheko kingekatika. Sisi tulikuwapo, na hatukuinua mkono.

Kijana yule alirudi. Haikuwa mara moja, wala halikuwa jambo jepesi. Kwa miezi kadhaa alikuwa akieleza mbele ya mwalimu wake peke yake, kisha mbele ya wenzake watatu, kisha mbele ya darasa. Maulidi yaliyofuata alisimama tena na maharage yake, tukiwa tumeketi mstari uleule wa mbele. Alitamka zaka mara nyingi kwa usahihi, na mara mbili ulimi ukarudi kwenye saka. Hapakuwa na aliyecheka. Baada ya shughuli, mzee mmoja mfugaji alimfuata kando akamuuliza: ng'ombe wake ni hamsini na watatu, je, anadaiwa nini? Kijana akampangia punje mezani, akamjibu kwamba ni mtamba mmoja wa miaka miwili, kwa kuwa amevuka arobaini na hajafika sitini.

Mzee alimjibu kwa Kiiraqw, wakaendelea kuzungumza wao wawili. Sisi hatukuyaelewa maneno yao, lakini tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwamba haki ya mafukara ilikuwa inasemwa.

Tunamwomba Mola wetu azifungue ndimi za watoto wetu kwa kheri, na azizuie zetu zisiwavunje.